Simu Zisizofika Ofisini

Mliponiaga mlinipa doti mbili za khanga, saa ya ukutani na maneno mazuri kuliko ninavyostahili. Mkasema pia niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, iwafae ninyi mnaobaki. Nilicheka, nikadhani ni yale ya kwenye sherehe yanayosahauliwa kabla sahani hazijaoshwa. Sasa naandika, tena kwa wasiwasi, kwa sababu baada ya kustaafu nimegundua kosa langu la miaka mingi. Nawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, au angalau kabla ya kunijadili kwenye lile kundi la simu ambalo mmesahau kunitoa.

Nilianza kazi Gongoni, hapa Tabora, nikiwa mpiga chapa asiye na mashine ya kuchapa. Nilitoka nyumbani Cheyo kwa miguu, nimevaa viatu vya kanisani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ili uifikie ulipita katikati ya majora, na mwenye duka alikuuliza unataka mita ngapi. Ndani alikuwepo Bwana Seif, baba yake bosi wenu Rehema, na kompyuta moja ya mezani yenye skrini nene kama kreti la soda. Alikuwa anaandika programu ya kutunza alama za wanafunzi na kutoa ripoti za muhula kwa shule za sekondari. Ndiyo hiyo hiyo tunayoiuza mpaka leo, ingawa imevalishwa nguo mpya mara nyingi.

Hakuniomba vyeti. Alinitoa nje mpaka kwenye baiskeli yake, akaweka boksi juu ya keria, akashika mpira wa kufungia mizigo, kisha akafumba macho.

"Nielekeze nilifunge," alisema. "Usiniguse. Sema tu."

Nikamwambia apitishe huku. Akauliza huku ni wapi. Nikasema hapo chini, naye akapitisha mpira kwenye spoku. Mara mbili boksi lilianguka, na watu wa dukani wakatoka kutazama. Mara ya tatu nilianza kumuuliza mikono yake inagusa nini kabla ya kumwambia aipeleke wapi. Boksi likakaa. Akafumbua macho.

"Wateja wetu watakuwa Nzega, Igunga, Usinge," alisema. "Wewe utakuwa hapa, wao kule, na kompyuta hawaijui. Hutawashika mkono. Njoo kesho asubuhi."

Miaka ile programu tuliipeleka wenyewe. Bwana Seif alipenda kusema kwamba babu wa babu yake aliipita njia hii ya misafara akiwa na wapagazi, na kwamba sisi ndio wapagazi waliobaki, ila mzigo umekuwa mwepesi. Mwepesi kwake, maana mbebaji nilikuwa mimi. Nilipanda treni nimezifunga diski ndani ya khanga zisiingie vumbi, nikashuka Usinge, nikatembea mpaka shuleni, nikakuta kompyuta imefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, funguo anazo mkuu, na mkuu yuko msibani. Nikangoja siku mbili. Ofisi ilipofunguliwa niliikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, na ubavuni imeandikwa namba ya mali ya shule kwa rangi nyekundu. Hakuna mwalimu aliyethubutu kukigusa kile kitambaa mpaka mkuu alipokiondoa mwenyewe, akakikunja mara nne na kukiweka juu ya kabati.

Nilikuta vitambaa kama hivyo karibu kila shule niliyokwenda. Mwanzoni nilivicheka. Nilidhani watu wanaiogopa mashine. Baadaye nikaelewa kwamba walikuwa wanaitunza kama wanavyotunza kengele na bendera, kitu cha shule ambacho walimu wanakikuta na watakiacha.

Simu za mkononi zilipoenea, Bwana Seif alinikabidhi moja na kuniagiza niandike namba yangu kwenye karatasi, niibandike kwenye kila kompyuta ninayoihudumia, kando ya skrini ambapo jicho linafika. Namba ya ofisi niliiandika chini yake. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko kingo za skrini, basi nikawa naikata ile sehemu ya chini ili ikae vizuri. Hakuna aliyeona ubaya, mimi nikiwa wa kwanza.

Kazi ya kumwelekeza mtu kwa simu mnaidharau, nawajua. Mnaona ni kazi ya kupokea malalamiko. Mteja akipiga, msikimbilie tatizo. Kwanza salamu, mpaka ziishe. Kisha mwambieni aifunue kompyuta na kuiwasha, na mngoje naye, maana zile mashine za zamani huamka kwa kujivuta. Katika kungoja huko ndipo mtasikia kwamba umeme ulikatika jana, kwamba mwalimu mpya alikuja na flashi yake, kwamba paka alizalia nyuma ya meza penye joto. Yote hayo nimewahi kuyasikia, hata la paka.

Kesi iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya shule moja Nzega. Kompyuta yao ilizimika ghafla kila siku asubuhi, na kazi yote ambayo haijahifadhiwa ikapotea. Bwana Seif aliipekua programu wiki nzima hakuona kosa. Nilikwenda mwenyewe, nikafika mchana, ikafanya kazi bila kukohoa. Nikarudi Tabora, kesho yake ikazimika. Walimu walianza kuniona mwongo. Mwishoni nikampigia mwalimu na kumwambia asiitazame kompyuta, anitazamie chumba. Nikamuuliza saa ngapi inazimika. Saa nne. Na saa nne kuna nini hapo?

"Hakuna kitu, mama. Tunakunywa chai tu."

Jagi la umeme la kuchemshia maji lilikuwa limechomekwa kwenye waya ule ule wa kompyuta. Niliwaomba walihamishe, wakasema haiwezekani, soketi ni moja na chai ni ya mkuu wa shule. Bwana Seif akaongeza kitu ndani ya programu: ikikaribia saa nne, maneno yanatokea kwenye skrini yakisema hifadhi kazi yako, chai inakaribia. Mpaka leo yanatokea katika kila shule, hata zile zisizo na jagi, na hakuna aliyewahi kutuomba tuyaondoe.

Bwana Seif alipofariki, Rehema alirudi kutoka Dar es Salaam kushika ofisi. Niseme wazi kwamba ameiendesha vizuri, na yeye ndiye aliyeona mapema kwamba kila mwalimu ana simu mfukoni. Akatengeneza programu ya kwenye simu, nyepesi, nzuri kutazama. Kwa kuanzia tukaipeleka katika shule chache zijaribu, Usinge ikiwa mojawapo. Wakati huo huo ile ya kompyuta ya mezani ikaanza kuwa mzigo. Kila mfumo wa kompyuta ulipobadilika, Kulwa wetu alikaa wiki kadhaa akiirekebisha ili isife, na vijana mliotoka chuo hamkutaka kujifunza ile lugha ya zamani ya kompyuta ambayo programu iliandikiwa. Siwalaumu. Mimi pia sikutaka kujifunza yenu.

Ndipo kikafika kile kikao, miezi michache kabla sijastaafu. Rehema aliuliza swali moja: bado kuna soko la kompyuta ya mezani, au tunafuga maiti? Akafungua daftari la simu za ofisi.

"Mwaka mzima, Mama Pendo, simu kuhusu kompyuta ya mezani ni mbili. Moja mtu alikosea namba, alikuwa anamtafuta daktari wa mifugo."

"Na ya pili?"

"Ya pili aliuliza kama tunanunua kompyuta mbovu."

Mlicheka wote. Nilicheka pia. Rehema akanigeukia na kusema kwamba mimi ndiye ninayezijua zile shule, nina maoni gani tukiifunga programu ile mwisho wa mwaka. Moyoni nilikuwa na neno, lakini niliwatazama mlivyokaa, wote mna umri wa kuwa wanangu, nikaogopa kuonekana bibi anayeng'ang'ania alichokizoea. Nikasema naona sawa. Kulwa akaandika kwenye muhtasari kwamba Mama Pendo ameafiki.

Nikastaafu. Wiki ya tatu nilikuwa uani napeta mchele, simu ikaita. Alikuwa Mwalimu Masanja, makamu mkuu wa shule ya Usinge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Habari za huko?"

"Njema. Mvua inatuchezea kidogo. Pendo na wadogo zake hawajambo?"

"Hawajambo. Na nyumbani kwako?"

"Wazima kabisa. Mama, tumekwama. Mwalimu wa taaluma amehamishwa."

"Mbona hilo ni la kawaida?"

"La kawaida. Ila alama zote za muhula zilikuwa kwenye simu."

"Simu iko wapi?"

"Simu si yake, mama? Ameondoka nayo."

Mtaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Programu ya simu hutunza alama ndani mpaka mwenye simu azitume. Mwalimu alikuwa anatumia bando lake mwenyewe, akawa anasubiri siku atakayokwenda mjini penye mtandao mzuri azitume zote kwa mkupuo. Kabla hajafika mjini, barua ya uhamisho ikamfikia yeye. Alikopelekwa simu yake haipatikani. Na shule ilikuwa inafunga Ijumaa, wazazi wanakuja kuchukua ripoti, wengine wakitoka mashambani ndani kabisa.

"Karatasi za mitihani bado tunazo," alisema Masanja. "Na ile kompyuta ipo. Tuliifunika tu. Tunataka kurudi kwenye ile."

Nikaacha mchele. Nikamwambia aifunue, aiwashe, tukangoja. Tulifanya kazi hiyo siku mbili, yeye akisoma kinachotokea kwenye skrini, mimi nimekaa kwenye kigoda nimefumba macho ili niione. Programu ilikuwa nzima. Walimu walipokezana kuingiza alama upya, na Alhamisi jioni ripoti zikatoka. Aliponipigia kunishukuru, nikamuuliza swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza mtu.

"Mwalimu, kwa nini hukupiga ofisini?"

"Ofisini wapi tena, mama? Hapa kwenye kompyuta kuna namba yako. Tangu siku zote ofisi si ndiyo wewe?"

Nilikaa pale pale uani. Nikaanza kuhesabu waliokwisha kunipigia tangu niliporudi nyumbani. Masista wa Igunga walipiga wiki ya kwanza, kipanya kimegoma. Nzega walipiga mara mbili. Urambo, Kaliua, Sikonge. Nilikuwa nimewajibu wote huku nakoroga chungu, bila hata kufikiri kwamba nimestaafu. Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikaandika nyuma yake kila shule iliyonipigia kwa mwaka mmoja ninayoweza kuikumbuka. Zilikuwa kumi na saba. Katika daftari la Rehema hakuna hata moja, kwa sababu hakuna hata moja iliyopiga ofisini. Mimi ndiye niliyekata ile sehemu ya chini ya karatasi.

Yule mwalimu aliondoka na alama za watoto, mimi nimeondoka na wateja. Tena yeye hakuulizwa. Mimi niliulizwa kikaoni, mbele ya watu, nikajibu naona sawa. Nilikuwa nikifikiria mwisho wa mwaka, Kulwa ameacha kuirekebisha programu, mfumo mpya umeingia kwenye kompyuta za shule, na Masanja ananipigia, nami sina cha kumwambia isipokuwa aifunike tena.

Jumatatu nilikwenda Gongoni. Wengi wenu mliniona, mkadhani nimekuja kusalimia. Rehema alifunga mlango. Nikampa kalenda na kumweleza kama nilivyoeleza hapa, bila kujipunguzia. Aliisoma mara mbili.

"Miaka yote hiyo?" aliuliza.

"Miaka yote."

"Na siku ya kikao ulikaa kimya."

"Zaidi ya kukaa kimya. Nilicheka."

Aliiweka ile kalenda mezani. "Umetuficha soko, Mama Pendo. Najua hukukusudia. Lakini umelificha, na mimi nimekaa hapa napanga mambo kwa daftari tupu."

Iliniuma, na ilikuwa haki yake. Kisha akarudi kuwa Rehema yule ninayemjua, akaanza kupinga. Akasema shule kumi na saba zenye mashine za zamani haziwezi kuilisha kampuni. Akasema kosa la Usinge linarekebishika, wataifanya simu itume alama yenyewe kila siku.

"Irekebishe," nilimwambia. "Ninakuunga mkono. Lakini simu itabaki ya mwalimu, mwanangu. Akiibiwa imekwenda, akimpa mdogo wake imekwenda, akihamishwa imekwenda. Kompyuta haihamishwi."

"Na ikifa? Hawanunui nyingine."

"Hilo nalo ni kweli," nikasema, kwa sababu ni kweli, na linanitia hofu kama linavyomtia yeye.

Akasema labda mwalimu aingize alama kwa simu, halafu kompyuta ya shule ndiyo itunze. Labda hilo ndilo soko, dogo lakini la kukaa. Labda si soko ni mazoea. Akasema hajui. Nilimpenda zaidi kwa kusema hajui. Mwisho akaamua hivi: programu ya kompyuta ya mezani itaendelea mwaka mmoja mwingine, na katika mwaka huo kila simu ya mteja lazima ipokelewe ofisini na kuandikwa. Simu zikionekana, Kulwa ataendelea. Zisipoonekana, tunafunga, na safari hii hakuna wa kulalamika.

Kwa hiyo mnaona jambo lenyewe liko wapi. Shule hizo hazitaanza leo kupiga namba nyingine, na mimi siwezi kuzunguka tena kwa treni kubadilisha karatasi. Ilibaki njia moja. Namba yangu ije kwenu.

Pendo aligomba. Alisema ndugu wote wananijua kwa namba hiyo, na kanisani pia, na anataka kujua ni mstaafu gani anayekabidhi mpaka laini yake. Tulikwenda na Rehema kwenye duka la kampuni ya simu kubadilisha usajili. Mashine ilikataa alama za vidole vyangu. Binti wa dukani akanifuta vidole kwa kitambaa, akajaribu kidole kingine, kikakataa, akaniambia kwa upole kwamba kwa watu wazima vidole huwa vimelika. Nilisimama pale nikihofu kwamba hata la kutoa laini litanishinda. Kidole gumba cha kushoto kikakubali. Nikatoka dukani na namba ngeni ambayo mpaka leo siijui kwa kichwa.

Ile kalenda imo kwenye droo ya meza yangu ya zamani. Kando ya kila shule nimeandika jina la anayepiga na anavyopenda kusalimiwa. Mkuu wa Sikonge ni mzee kuliko mimi, shikamoo yake isikosekane. Masista wa Igunga hawapendi kuharakishwa. Masanja atawauliza habari za watoto wenu hata kama hamna. Jibuni tu kwamba hawajambo.

Siku nne za kwanza nilijizuia. Nilikuwa naona akilini mnaiacha ile simu mezani inaita, kila mmoja anadhani ni ndugu yangu ananitafuta. Nilimwona Masanja anakata, anajaribu tena, halafu anakata tamaa. Jana asubuhi nilishindwa. Nikachukua hii namba ngeni, nikaipiga ile yangu, nikiwa nimejiandaa kujifanya nimekosea.

Ile sauti ya mashine ikaniambia kwamba namba ninayopiga inatumika kwa sasa, nijaribu baadaye. Nikadhani laini imeharibika. Nilingoja, nikapiga tena, ikasema vile vile. Nikaenda kuanua nguo, nikazikunja zote, nikarudi kupiga mara ya tatu. Bado ilikuwa inatumika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna mtu shuleni yuko kwenye simu, na kuna mmoja wenu upande wa pili amekaa naye muda wote huo, hajamkimbiza. Nikakata, nikaiweka simu chini, na sikupiga tena.